Cheche na Majira Yake

Nguvu ni kitu ambacho binadamu hukitamani kabla hajajua atakitumia kwa kazi gani. Mwenye shamba hutamani jembe zito kabla hajapima mikono yake. Mwenye chombo hutamani tanga pana kabla hajautazama mlingoti. Na mwenye gari hutamani injini kubwa kabla hajaifahamu ile aliyonayo. Tamaa hii si dhambi, maana pasipo tamaa dunia isingalikuwa na gurudumu wala usukani. Lakini tamaa isiyotanguliwa na maarifa humtuma mtu sokoni kununua kitu ambacho tayari kimo nyumbani mwake, kimefunikwa na vumbi. Fundi wa magari, kama ni mwaminifu, ni mtu anayelipwa kwa kulifuta vumbi hilo.

Ushahidi wa maneno haya hupatikana katika viunga vya Dar es Salaam, pale lami inapokoma na mchanga unapoanza. Mtu akifuata Barabara ya Kilwa kutoka Mtoni hadi Mbagala, au Barabara ya Bagamoyo kutoka Mwenge kupita Tegeta hadi Bunju, huwa juu ya lami njema wakati wote. Lakini akigeuka kushoto au kulia, mwendo wa dakika chache humfikisha mahali ambapo njia haikutengenezwa na mtu, bali imeachwa na nyumba zilizojengwa huku na huku. Wakati wa kiangazi mchanga wa njia hizo hunyonya magurudumu. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, tope huyameza. Gari dogo lililonunuliwa kwa kupendezesha macho hukaa mwezi mzima uani likingoja jua. Pikipiki za abiria hupita, kwa sababu ni nyepesi na waendeshaji wake ni wepesi zaidi. Lakini pikipiki haibebi magunia kumi ya nazi, wala haimlazi mgonjwa.

Kwa kazi ya namna hiyo viunga vimejua gari moja kwa miaka mingi kuliko mengine, nalo ni Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa kipimo, kwa hiyo watengenezaji wa Solihull walilivika bodi ya aluminiamu, na umaskini wa siku zile ukawa neema kwa wakaaji wa pwani, maana aluminiamu haili kutu kama chuma kinavyoliwa na upepo wa chumvi. Mwaka 1971 ulitoka mfululizo wa tatu, na kati ya magari ya mfululizo huo lilikuwamo lile refu ambalo madereva hulitaja kwa tarakimu yake tu, 109, yaani inchi zilizo kati ya mhimili wa magurudumu ya mbele na ule wa nyuma. Injini yake ya petroli, yenye silinda nne na ujazo wa lita mbili na robo, hutoa takriban nguvu za farasi 70. Kwa mizani ya leo nguvu hiyo ni ndogo. Lakini jina la gari hilo halikujengwa na nguvu. Lilijengwa na kuaminika. Mrithi wake, Defender, aliacha kutengenezwa Solihull tarehe 29 Januari 2016, na bado Oktoba 2024 Land Rover za kila umri zilikusanyika Arusha kwa mamia katika tamasha lake, nyingi katika hizo zikiwa zimefika kwa magurudumu yao wenyewe.

Katika mtaa mmoja wa Mbagala alikuwako mzee mwenye gari la namna hiyo. Alilinunua likiwa limekwisha kutumika, akalipeleka Rufiji na kulirudisha mara nyingi katika zama ambazo msafiri wa kusini alilazimika kungoja kivuko cha Ndundu, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Baadaye, umri ulipompunguzia safari, alilitumia kuleta nazi na mihogo kutoka mashamba ya Mkuranga hadi soko la Tandika. Gari lilikuwa lake kwa kadi, lakini kwa desturi lilikuwa la mtaa. Harusi ilipokuwapo lilibeba viti na masufuria. Msiba ulipokuwapo lilibeba jeneza. Na mtu alipougua usiku wa mvua hakuna aliyeuliza nani aamshwe. Mzee hakuwa tajiri, lakini alikuwa na heshima ambayo matajiri wengi hawanayo, yaani heshima ya kutegemewa.

Heshima hiyo ilipata jeraha katika usiku mmoja wa masika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri, na njia zote za mtaa zilikuwa vijito. Saa saba usiku jirani alibisha mlango: mkewe alikuwa na uchungu wa kuzaa na mambo yalikuwa yamekwenda mbio kuliko ilivyotazamiwa. Mzee alitoka kwa shuka na koti, akaketi nyuma ya usukani, akapiga starta. Injini ilizunguka lakini haikuwaka. Akapiga tena, na tena, mpaka sauti ya starta ikapungua kama sauti ya mtu anayesinzia, kwani betri ilikuwa imechoka. Vijana walisukuma gari ndani ya maji na kuteleza. Harufu ya petroli ilijaa uani, lakini moto haukupatikana. Mwishowe wanaume wanne walimbeba mwanamke yule juu ya kitanda cha kamba, wakaenda naye katika tope mpaka lami, na huko ikapatikana bajaji. Mtoto alizaliwa hospitalini, naye na mama yake wakawa salama.

Asubuhi yake jirani alikuja kumshukuru mzee kwa kuwa aliamka na kujaribu. Yamkini lawama zingaliweza kuvumilika. Shukrani zile, zilizotolewa kwa moyo safi, zilimwingia mzee kama mwiba, kwa sababu alishukuriwa kwa nia mahali ambapo siku zote alishukuriwa kwa tendo.

Mzee alikuwa na mpwa wake, kijana mwenye akili na mapenzi, aliyefanya kazi mjini na kuwa na akiba kidogo. Kijana alipopata habari alikwenda kwa mjomba wake na shauri lililokwisha kupikwa. Alitaka injini ile ya zamani iondolewe na mahali pake iwekwe ya dizeli kutoka gari la Kijapani. Alitaka bomba pana la moshi na magurudumu makubwa zaidi. Alisema, "Mjomba, gari hili limezeeka. Tulipe moyo mpya." Kijana hakusema uongo wote. Ubadilishaji wa injini wa namna hiyo umefanywa mara nyingi Tanzania na magari mengine yamefaidika kwao. Tena dizeli haihitaji cheche hata kidogo, kwa sababu huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa mno ndani ya silinda. Lakini gharama ya shauri lake ilikuwa akiba yote ya kijana, na juu yake mashamba mawili ya mihogo ya mzee.

Walikubaliana kwenda kwanza kwa fundi mmoja wa Temeke ambaye gereji yake ilikuwa kivuli cha mkungu, sanduku la spana na benchi. Fundi alisikiliza maelezo ya kijana mpaka mwisho bila ya kumkatiza, kisha akamgeukia mwenye gari.

"Mzee wangu, usiku ule gari lilikataa kwenda, au lilikataa kuwaka?"

"Lilikataa kuwaka, Fundi. Likiwaka, huenda."

"Basi tusiliadhibu kwa kosa ambalo halikulitenda."

Katika jibu hilo mna nusu ya elimu ya ufundi. Watu wengi hupeleka gari gereji wakiwa na dawa mkononi kabla ya kujua ugonjwa. Husema gari halina nguvu, na kwa hiyo hutaka kuliongezea. Hawaulizi kama nguvu iliyopo inafika kwenye magurudumu au inamwagika njiani. Injini inayokosa cheche moja katika kila nne ni kama familia ya wakulima wanne ambayo mmoja wao amelala: hasara yake si robo tu, kwa kuwa watatu wanaolima hulazimika kumbeba aliyelala.

Ili kuelewa fundi aliona nini alipofungua kifuniko cha distributa, ni lazima kufahamu jinsi cheche inavyozaliwa. Betri ya gari hutoa volti 12, nazo haziwezi kuruka hata unene wa ukucha hewani. Lakini Michael Faraday wa Uingereza alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu nayo. Koili ya gari ni mwana wa ugunduzi huo. Ndani yake mna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye kiini kimoja: mmoja mnene wenye mizunguko michache, mwingine mwembamba wenye mizunguko maelfu. Umeme wa betri hupita katika waya mnene na kujenga nguvu ya sumaku. Umeme huo ukikatwa ghafula, sumaku huporomoka, na katika waya mwembamba huzuka volti elfu nyingi, zinazotosha kuruka pengo la plagi na kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa.

Siri yote, basi, imo katika kukata. Umeme usipokatwa ghafula, cheche huwa dhaifu. Usipokatwa kwa wakati wake, cheche huwa bure. Katika magari ya zamani kazi ya kukata ilipewa pointi, yaani vipande viwili vidogo vya madini vinavyogusana na kuachana ndani ya distributa, vikisukumwa na shafti yenye pembe nne. Nafasi kati yao inapofunguka si zaidi ya milimita 0.4. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hizo hufunguka na kufungika mara 6,000 katika dakika hiyo moja, yaani mara 100 kwa kila sekunde. Kila zinapoachana, cheche ndogo huruka baina yao wenyewe na kuchukua chembe ya madini kutoka upande mmoja hadi mwingine, ingawa kondensa ipo ili kuipunguza. Baada ya miezi upande mmoja hufanya kishimo na wa pili hufanya kilima. Kisiginio kinachosugua shafti nacho hupungua, na nafasi ile iliyopimwa kwa uangalifu huwa nyembamba siku hata siku. Mwenye gari haoni kitu. Anaona tu kwamba gari linachelewa kuwaka asubuhi, linakohoa likipanda kilima, na linakunywa petroli zaidi ya mwaka jana. Naye husema, gari limezeeka.

Ndivyo ilivyokuwa kwa gari la Mbagala. Pointi zilikuwa zimeungua na kuwa nyeusi. Shafti ya distributa ilikuwa imelegea, ikitikisika ukiishika kwa vidole viwili, kwa hiyo nafasi ya pointi haikuwa sawa kwa silinda zote nne. Ndani ya kifuniko palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na juu ya ufa huo mstari mweusi wa masizi. Katika hewa kavu ufa ule haukuwa na madhara makubwa, lakini usiku wa mvua uliponywa unyevu ulikuwa njia rahisi kwa umeme kukimbilia kwenye bodi ya gari badala ya kwenda kwenye plagi. Fundi alimwonyesha mzee ufa huo kwa ncha ya bisibisi. Mzee aliutazama kwa muda mrefu. Kitu chembamba kama unywele kilikuwa kimewabebesha wanaume wanne kitanda.

Hapo fundi alitoa shauri lake. Pointi mpya zingaliweza kununuliwa kwa fedha kidogo, na gari lingewaka siku hiyo hiyo, lakini shafti iliyolegea ingeziharibu upesi. Lililo bora lilikuwa kuondoa pointi na kuweka mahali pake kifaa cha elektroniki. Kifaa hicho ni kidogo, hukaa ndani ya distributa ile ile, na kwa nje hakibadilishi sura ya gari. Pete yenye sumaku nne huvishwa kwenye shafti. Kando yake hukaa kipokezi kinachohisi kila sumaku inapopita, kwa kanuni iliyogunduliwa na Edwin Hall wa Marekani mwaka 1879. Na kipokezi hicho huiamuru transista ikate umeme wa koili. Transista yenyewe ilizaliwa katika maabara ya Bell huko Marekani Desemba 1947, miezi minne na ushei kabla ya Land Rover kuonyeshwa Amsterdam. Vitu hivyo viwili vilikuwa rika moja, lakini ilichukua miaka mingi kabla havijakutana. Uwashaji wa elektroniki ulianza kuenea katika magari miaka ya 1970. Katika kifaa hiki hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinachoungua wala kinachosagika. Umeme hukatwa kwa ukali ule ule kwa silinda zote, siku ya kwanza na baada ya miaka.

Aliyekuwa na mikono myepesi zaidi katika kazi hiyo alikuwa mwanafunzi wa fundi, kijana aliyejifunza ufundi wake kwa pikipiki za abiria. Pikipiki hizo hazina pointi. Huzaliwa na uwashaji wa elektroniki, na kwa hiyo jambo ambalo kwa mzee lilikuwa geni, kwa kijana lilikuwa mazoea ya kila siku. Ni jambo la kupendeza kuona maarifa yakipanda badala ya kushuka, kutoka pikipiki ya jana kwenda gari la nusu karne.

Kazi ilifuata utaratibu ambao mtu mwenye haraka asingeuvumilia. Kwanza fundi alikagua ni upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi, maana Land Rover za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifunga upande wa chanya, na kifaa kikiunganishwa kinyume hufa kwa kufumba na kufumbua. Hili lilifunga upande wa hasi, kwa hiyo liliruhusu. Pili alipima koili kwa mita, kwa sababu koili inayopitisha umeme mwingi kupita kiasi hukipasha kifaa moto mpaka kikaungua. Tatu alibadilisha kifuniko, rota, na nyaya za plagi, akazipanga kwa zamu ya silinda, kwanza moja, kisha tatu, kisha nne, kisha mbili. Nne alisafisha mahali ambapo waya wa betri hukutana na bodi, pakang'aa, kwa kuwa kutu ya mahali hapo huiba umeme kimya kimya na lawama huangukia betri. Vishikizo vya shafti ya distributa navyo vilichongwa upya kwa fundi wa mashine, maana kifaa kipya huvumilia ulegevu kidogo lakini hakiufuti.

Baada ya hayo kulibaki jambo ambalo fedha hailinunui, nalo ni majira. Cheche kali isiyo na majira ni kama shujaa anayefika vitani siku mbili baada ya amani. Mchanganyiko wa petroli hauwaki wote kwa mara moja; huhitaji muda mdogo ili moto uenee, na pistoni haingoji. Kwa hiyo cheche haina budi kutolewa mapema kidogo, pistoni ikiwa inakaribia kileleni, ili nguvu ya moto iifikie wakati inapoanza kushuka. Mtu aliyepata kusukuma bembea ya watoto siku ya Idi anaijua kanuni hii. Akisukuma mapema mno, hukutana na bembea inayokuja na kuumia mkono. Akichelewa, husukuma hewa. Injini iliyotangulizwa mno hugonga kwa sauti kama kokoto katika kopo. Iliyochelewa hupata joto, huwa nzito, na kumwaga nguvu yake katika bomba la moshi. Tena kadiri injini inavyokwenda mbio ndivyo cheche inavyotakiwa kutangulia zaidi, na kazi hiyo hufanywa na vizito viwili vidogo vyenye springi ndani ya distributa. Vizito vya gari hili vilikuwa vimegandishwa na grisi kavu, labda kwa miaka. Fundi alivifungua, akaviosha, akavitia tone la oili. Mpwa wa mzee, aliyekuwa akitafuta nguvu ya kununua, aliiona nguvu iliyolala ikiamshwa kwa kitambaa na mafuta ya taa.

Mafuta hayo ya taa yana habari nyingine katika mambo haya. Palikuwa na miaka ambapo wauzaji wasio waaminifu walichanganya mafuta ya taa na petroli au dizeli kwa kuwa yalikuwa rahisi, mpaka Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji ilipoanza mwaka 2010 kutia vinasaba katika mafuta ili udanganyifu utambulike. Petroli iliyochanganywa hivyo hugonga upesi, na fundi wa zamani alilazimika kuchelewesha cheche ili kuilinda injini, yaani alipunguza nguvu ya gari la mtu mwema kwa sababu ya dhambi ya mtu mwovu. Jambo jingine ni risasi. Zamani petroli ilitiwa risasi, nayo ilikuwa sumu kwa watoto lakini ilizilinda valvu za injini za kale. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliazimia Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kuanzia 2006 petroli ya namna hiyo ilitoweka katika vituo vyake. Faida yake kwa afya haina mfano. Lakini mwenye injini kuukuu imempasa tangu hapo kukagua nafasi za valvu mara kwa mara, kwani valvu huweza kula kiti chake kidogo kidogo na nafasi ikafungika. Fundi alipima valvu zote nane, akairudisha kila moja kwenye robo ya milimita inayotakiwa.

Kijana hakuacha kuuliza, na swali lake la mwisho lilikuwa la haki. "Fundi, kwa kuwa cheche sasa ni kali, kwa nini tusilitie na kabureta kubwa, likakimbia?"

Fundi alimwongoza mpaka gurudumu la mbele. "Breki za gari hili ni za ngoma, mbele na nyuma. Springi zake ni zile za lori. Waliolitengeneza walilipimia mbio zake, na breki wakazipimia mbio hizo hizo. Mimi naweza kuzibadili mbio kwa siku moja, lakini nikibadili mbio bila ya kubadili breki, nitakuwa nimemuuzia mjomba wako ajali. Tena niambie: mwanamke mwenye uchungu, katika tope lile, alihitaji gari la mbio?"

Kijana alinyamaza, na kunyamaza kwake hakukuwa kushindwa. Kuna vijana ambao hushindwa katika hoja na kuondoka wakiwa vile vile. Na kuna wachache ambao hunyamaza kwa sababu wanahesabu upya. Huyu alikuwa katika wachache. Alilipa gharama ya kifaa, ambayo haikuzidi bei ya tairi moja jipya, na akiba yake iliyobaki ikabaki.

Siku ya tatu gari lilijaribiwa. Fundi hakulijaribu katika lami. Walilipakia magunia ya mchanga wakalipeleka katika njia za ndani za Mbagala, kwenye mteremko mmoja wa mchanga mwepesi ambao mzee aliujua kwa miaka, na ambao siku zote aliupanda kwa gia ya kwanza huku injini ikilalamika. Gari liliupanda kwa gia ya pili. Halikunguruma zaidi ya zamani. Lilinguruma kidogo zaidi kwa usawa, silinda zote nne zikisema neno moja. Plagi zilipofunguliwa baadaye zilikuwa na rangi ya udongo mkavu, ambayo ni rangi ya afya, badala ya weusi wa masizi. Hakuna farasi hata mmoja aliyeongezwa juu ya wale 70 waliotoka kiwandani. Waliokuwa wamelala waliamshwa, basi.

Walakini fundi mwaminifu hamalizi kazi yake kwa kusifu alichokifanya. Kabla ya kuagana alimkabidhi mzee kifurushi kidogo kilichofungwa katika kitambaa: bamba la pointi mpya, zilizopimwa tayari, pamoja na kondensa yake na bisibisi fupi.

"Weka hiki chini ya kiti, Mzee. Pointi huugua kabla ya kufa, hukupa habari. Hiki kipya hufa kikiwa kizima. Kikifa porini, hutakitengeneza kwa kukikwaruza kwa msasa. Utarudisha cha zamani, utafika. Wala usiache swichi wazi wakati injini imezimwa, kitaungua bure."

Katika maneno hayo pana mizani ambayo watu wa zama zote huikosa. Wako wanaokataa kila kilicho kipya kwa sababu hawakukizoea, nao hubaki usiku wa mvua wakisukuma. Wako wanaotupa kila kilicho cha kale siku wanapopata kipya, nao hubaki porini wakitazama kifaa kilichofungwa ambacho hakina hata skrubu ya kulegeza. Mwenye busara hutia kipya kazini na cha kale akiba, naye hulala usingizi. Hayo si ya magari peke yake. Nyumba nyingi, na hata mataifa, yameharibika si kwa kukosa nguvu, bali kwa kuongeza mbio mahali palipohitaji cheche, na kununua injini mahali palipohitaji kufutwa vumbi.

Mvua za vuli zilipoanza mwaka ule, usiku wa kwanza wenye ngurumo mzee aliamka mwenyewe kabla ya saa tisa. Hakuna aliyebisha mlango wala mgonjwa aliyekuwapo mtaani. Alichukua koti lake na tochi, akapita katika maji ya uani, akafungua mlango wa gari, akaketi. Aligeuza ufunguo mara moja. Injini iliwaka, ikatulia, ikapiga sawasawa chini ya sauti ya mvua. Aliisikiliza kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, akaizima, akahakikisha swichi imefungwa, akarudi ndani kulala.

Jirani, ambaye dirisha lake lilielekea ua ule, aliisikia injini. Alijua ni nani na kwa nini, naye hakusema neno. Alimfunika vizuri mtoto wake wa miezi sita, akalala naye.